Sesilia na Mahali Pake Karashani

Sesilia alizaliwa Didia, akaolewa Didia, akafiwa na mume hapo hapo Didia, na mpaka wakati huo hakuwa amemsumbua mtu. Kisha mvua zikagoma misimu miwili mfululizo. Mahindi yakakaukia kwenye kimo cha goti. Sesilia akafunga sufuria zake kwenye khanga, akamfuata shemeji yake machimboni, porini kupita Runzewe. Aliaga kwamba anakwenda kwa mwezi mmoja. Huu ni mwaka wa kumi na moja.

Machimbo yale yanaitwa Kwa Otmar, jina la mzee aliyechimba duara la kwanza, yaani shimo la dhahabu. Otmar bado yupo na bado anachimba. Katikati pana karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, inayonguruma tangu kunapokucha hadi jua kuzama. Wachimbaji huleta mawe yao ndani ya viroba, wakapanga foleni, wakasubiri. Mwanaume anayesubiri mawe yake yasagwe hana kazi nyingine ila kuona njaa, na Sesilia alikuwa pale pale ubavuni pa karasha na ugali wake na maharage. Mahali hapo pamesomesha watoto watatu. Wa mwisho, Goodness, ameingia chuo kikuu mwaka huu kusomea ualimu wa jiografia.

Likizo ilipofika, Goodness alikuja Kwa Otmar na kazi ya chuo. Alitakiwa achore ramani ya sehemu moja wanakoishi watu, aeleze kwa nini wapo hapo na si kwingine. Sesilia hakuipenda kazi hiyo. Msichana mzima kuzunguka kwenye maduara na karatasi mkononi, akiwauliza wanaume wametoka wapi! Kila Goodness alipovuka upande ule, mama yake alisonga ugali shingo ikiwa imegeuka, na siku hizo ugali ulikuwa na mabuje, madonge ya unga usioiva. Walaji walilalamika. Sesilia aliwajibu kwamba mabuje ni unga ule ule.

"Hii ni jiografia ya binadamu, mama," Goodness alimweleza huku akichambua maharage. "Kuna mambo yanayomsukuma mtu atoke alipo, na mambo yanayomvuta kule anakokwenda. Wewe ulisukumwa na ukame, ukavutwa na dhahabu."

"Mimi dhahabu sijawahi kuishika."

"Ulivutwa na wanaoishika."

"Nao hawajaishika. Muulize Otmar."

Mzee Otmar alikuwa amekaa kwenye benchi na sahani yake. "Mimi nimeishika," alisema. "Mwaka ule."

"Andika hilo," Sesilia akamwambia binti yake. "Mwaka ule."

Goodness aliandika. Akaeleza pia kwamba kitabu chao kinatofautisha eneo na mahali: eneo ni ardhi tu, ila watu wakiishi hapo pakawa na maana kwao, ndipo panakuwa mahali. Sesilia aliuliza kama hilo nalo lina mtihani. Akaambiwa linao.

Jambo jingine lililomshangaza ni hili, kwamba chuoni wanafundishwa kitu hupungua nguvu kadiri kinavyokwenda mbali. Huenda ni kweli kwa vitu vingine. Habari ya dhahabu ikitoka shimoni ni chembe, ikifika Runzewe ni kijiko, na ikifika Chato watu wanauza ng'ombe.

Basi wiki ile ile ikaja habari kwamba Mlima Kobe, upande wa Chato, pametema dhahabu. Nusu ya wachimbaji waliondoka na sepeto zao kabla ya chai. Sesilia alikuwa na hofu mbili. Akibaki na watu wakahama, atampikia nani? Akihama na kule kukawa hakuna kitu, atarudi wapi? Akaamua aende akaone kwanza kwa macho yake.

Kwa wanawake wa pale, mwenye mahali ni mwenye mafiga. Mama akisafiri akaacha mafiga yake matatu na majivu yake, hata akikaa msibani mwezi mzima hakuna atakayepagusa. Akiyaondoa, amehama, na atakayetangulia kuweka yake ndiye mwenyeji mpya. Sesilia mwenyewe alipapata hivyo, pale Rhoda fulani alipobeba mafiga yake kwenda Geita. Jambo hilo hakumwambia Goodness, kama ambavyo hakumwambia avae nguo kabla ya kutoka nje.

"Chemsha maharage, chunga sufuria, usizungumze na wanaume," alimwambia, akapanda bodaboda.

Goodness alizitii amri zote tatu. Ila macho ya mama yake yalikuwa mekundu kwa moshi na kifua kilikuwa kinakohoa, naye Goodness alikuwa amemnunulia jiko la mkaa kule Runzewe, jipya, la kumshtukiza. Akalitoa. Akayabeba yale mawe meusi, moja moja, akayaweka kando karibu na viroba vya wachimbaji. Akazoa majivu, akafagia pakawa safi, akaweka jiko katikati. Kisha akaingia kibandani kuchukua mkaa.

Mlima Kobe, Sesilia alikuta umati wa watu, mashimo machache, na bwana mmoja aliyekuwa akiuza sepeto. Aliyefurahi ni huyo bwana. Sesilia alilala kwa mtu wanayesali naye, kesho yake akarudi.

Aliposhuka kwenye bodaboda, aliona moshi mahali pake. Kwanza alishukuru. Halafu akamwona aliyeinama kwenye moto: Martina, muuza chapati wa nyuma ya karasha. Goodness alikuwa amesimama pembeni na jiko lake, amelishika kama mtu anayesubiri basi.

"Shoga, karibu!" Martina alisema. "Mimi nilijua umehama moja kwa moja. Nilikuta pamefagiliwa, hata jivu hakuna."

"Nilisafiri tu."

"Mafiga yako yako wapi?"

Goodness alinyoosha kidole kwenye viroba. Yale mawe hayakuwepo.

Otmar akakohoa. "Yale meusi matatu? Mimi nilidhani ni yangu."

"Umeyafanyaje?"

"Yamesagwa, mayu."

"Yametoa nini?"

"Hayakutoa kitu."

"Basi kweli yalikuwa ya kwako," Martina alisema, na foleni nzima ikacheka.

"Lakini mimi nilikuwepo!" Goodness alilia. "Jiko lilikuwa hapa!"

"Mwanangu, jiko lina mkono," Martina alimjibu bila ukali. "Kitu chenye mkono kinabebwa."

Sesilia akakaa kwenye benchi lake, ambalo sasa lilikuwa mbele ya sufuria ya mtu mwingine. Angeweza kupiga kelele, na kuna ambao wangemuunga mkono. Lakini akiivunja sheria ya mafiga leo, siku ya kwenda kumzika mtu Didia, angeacha nini nyuma yake ambacho watu wangekiheshimu? Aliinuka akachukua sufuria zake.

"Nionyeshe ramani," alimwambia Goodness.

Goodness aliikunjua. Alikuwa amechora njia zote za miguu, na ni kweli zilikutana sehemu moja.

"Hapa, mama. Kila mtu anapita."

"Hapo ni chooni."

"Ndiyo."

"Tafuta pengine."

Palipofuatia kwa wingi wa njia ni kibanda cha Edson anayechaji simu kwa umeme wa jua. Sesilia alisimama mbele yake, akaangalia wanaokuja na wanaokwenda. Hapakuwa kama karashani, na hilo alilijua. Lakini wapo waliokuwa wamekaa chini wakitazama ukuta. Akaenda nyuma ya maduara kutafuta mawe. Akabeba moja, Goodness akabeba mawili.

"Mayu, moshi utaingia kwenye simu za watu," Edson alisema.

"Simu hazina pua."

Moto ulipowaka, mchimbaji mmoja alifika kuchukua simu yake, akaambiwa bado haijajaa. Akaangaza huku na huku. Akaitazama sufuria.

"Maharage yameiva, mama?"

"Bado."

Akachuchumaa. Sesilia akasukuma kuni ndani, akamtuma Goodness maji, na akamwambia akirudi asiguse kitu kingine chochote.