Sauti ya Mke Wangu Haimo Kwenye Filamu

Darasa nililofika mimi ni la nne, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza, kwa sababu ng'ombe wa baba walikuwa wengi kuliko watoto wake. Kwa hiyo ukikuta maneno yamepandana humu usidhani ni ufundi. Hadithi nimezizoea kwa mdomo, na kwa mdomo mtu akipotea njia msikilizaji humwambia, "Mzee, ulikuwa umefika mtoni." Karatasi haimwambii mtu kitu.

Nataka kueleza jinsi mchezo wetu wa jukwaani ulivyogeuzwa filamu, na jinsi sauti ya mke wangu ilivyokosekana humo. Watu wa hapa Heru Juu wanasema walioikosesha ni vijana wa filamu. Nimewaacha waseme hivyo karibu miaka miwili. Si kweli.

Mke wangu asili yake ni Burundi. Alivuka mpaka akiwa mgongoni kwa mama yake, akakulia kambini upande wa Kibondo, na sasa ni Mtanzania kama mimi. Ukimwita mkimbizi alikuwa anakujibu, "Nakimbilia wapi na magoti haya?" Nasema alikuwa anakujibu. Nitafika huko.

Hadithi ilikuwa ya mama yake. Kuna mama na binti yake mmoja. Mvua inakataa, maharage yanakauka yakiwa maua. Mama anakwenda kwenye bwawa, na bwawa linamwambia: nipe binti, nikupe maji. Mama anakubali. Hapo watu huguna sana, hasa wanawake. Mvua inanyesha, binti anageuka mafunjo, yale majani marefu ya bwawani. Siku moja mama anakwenda kukata mafunjo asuke mkeka, na kila akikata anasikia kama mtu anavuta pumzi. Basi anaimba akimwita mtoto, na wimbo unaishia kwa mwito: "Wa mwana we!" Na ninyi mliokaa mnaitika kwa niaba ya mtoto: "Karame!" Ndivyo mtoto wa Kirundi anavyomwitikia mkubwa wake, ni naam, na ni kumwombea maisha marefu humo humo.

Mara ya kwanza mnaitika kwa nguvu. Mara ya pili, nusu. Mara ya tatu mnanong'ona. Mara ya nne mama anaita na hakuna anayeitika. Mnakaa kimya mpaka mama ainue mzigo wake wa mafunjo aondoke. Hadithi imekwisha. Hakuna harusi, hakuna mfalme.

Tulianza kuicheza na akina mama wa kwaya. Mimi msimuliaji, mke wangu mama, wanawake sita walikuwa bwawa, wamejifunga vitenge vya kijani. Tulikwenda Buhigwe, tukaenda Kibondo, tukaenda Busunzu mara mbili. Huko Busunzu mwanamke mmoja muuza dagaa alishindwa kujizuia. Mwito wa nne, watu kimya, yeye akasimama analia, "Karame, mama! Karame!" Mke wangu akabaki na mundu mkononi, hajui aondoke au abaki.

"We mama, umemfufua!" mmoja akapiga kelele.

"Sasa tutalala hapa," akasema mwingine. "Bwawa litadai mvua yake."

Watu walicheka mpaka wanawake wa bwawa wakacheka. Mke wangu hakucheka. Alimtazama yule muuza dagaa, akaimba tena ule mwito, taratibu, kama anayemwomba mtu akae. Mwanamke akakaa. Kimya kikarudi. Sauti yake ndivyo ilivyokuwa. Haikuwa nyembamba ya kupendeza. Ilikuwa na mkwaruzo chini, kama mtungi unaoburuzwa, halafu juu inafunguka. Kuieleza siwezi, na hilo ndilo tatizo langu lote.

Vijana wa filamu walikuja wakati wa kuvuna maharage. Waliusikia mchezo kwa mtu wa Kasulu mjini, wakauona kanisani, na mkubwa wao akaja nyumbani. Yeye ndiye aliyeitwa dairekta.

"Shikamoo mzee wangu. Shikamoo mama. Mama, ile kitu ni noma. Tukiiweka kwenye skrini kubwa watu watalia mpaka Dar."

"Marahaba," mke wangu akasema. "Kwani Dar hawana vya kuwaliza?"

Kijana akacheka, akala viazi vyetu. Nilimpenda. Nataka ijulikane kwamba nilimpenda, hakuwa mtu mbaya.

Lakini filamu si jukwaa. Jukwaani ukikosea unaendelea. Hawa walitaka jambo moja lirudiwe mara sita, na mara zote sita maneno yawe yale yale. Mimi hadithi sijawahi kuisema namna moja mara mbili. Nikiona mzee ana usingizi naongeza fisi. Watoto wakichoka naruka ukame. Dairekta akanirudisha na kunirudisha, mwisho akanishika bega.

"Mzee, naomba nikuambie ukweli. Wewe ni fundi, ila kamera haikuwezi. Msimuliaji tutamweka kijana wetu mmoja, mwigizaji. Wewe utakuwa mshauri wetu wa mila."

Kijana huyo hajafika miaka thelathini. Walimbandika ndevu za pamba. Nilisimama pale na ndevu zangu mwenyewe, nikimwangalia akikohoa kizee. Nikaambiwa nimfundishe kushika fimbo. Nikamfundisha.

Mke wangu walimbakiza kwa sauti tu. Uso wa mama ungekuwa wa mwanamke mwingine, maana mama wa kwenye filamu lazima awe kijana. Yeye hakujali. Alisema, "Uso wangu waachane nao, unanitosha mimi. Wachukue sauti."

Alikuwa na sababu. Tangu masika sauti yake ilikuwa inakwama. Tulidhani ni mafua, tulidhani ni moshi wa kuni, tukampa asali. Daktari wa mjini akamchungulia koo, akatuandikia kwenda hospitali kubwa, mbali, na tarehe ikatoka. Akatuambia waziwazi kuna uvimbe kooni, utakatwa, na sauti inaweza isirudi. Tulipotoka nje mke wangu alisema jambo moja tu, tukiwa tumesimama tunasubiri bodaboda.

"Basi waichukue kabla."

Dairekta aliposikia akaacha kazi zote. Wakapanga Alhamisi, kwenye chumba cha nyuma cha kanisa. Wakaegemeza magodoro ukutani ili sauti isirukeruke. Mke wangu akaacha kuongea siku mbili ili aitunze. Alikuwa akitaka chumvi anaonyesha kwa kidole. Na ile Alhamisi alivaa kitenge kipya, ingawa nilimwambia hakuna atakayemwona.

Sasa, Jumatano jioni jirani yetu alikuwa amefariki. Bibi kizee, nyumba ya tatu kutoka kwetu, mpenzi mkubwa wa mchezo wetu. Kwa baba yangu hadithi haisimuliwi wala wimbo wake hauimbwi msiba ukiwa jirani. Alikuwa akisema marehemu akisikia hadithi inaanza anakaa kusubiri mwisho wake, haendi. Inangojwa mpaka matanga yaondolewe. Hiyo ni mila ya kweli, sikuitunga.

Asubuhi ile nikawaambia, hauimbwi.

Dairekta akaja mbio. "Mzee wangu, nakuomba kwa heshima zote. Kesho tunaondoka, gari na vifaa vinatakiwa kwingine. Ni saa moja tu. Tunafunga mlango."

"Ulinifanya mshauri wa mila," nikamwambia. "Huo ndio ushauri."

Mke wangu alikuwa kwenye kigoda. Akafungua kinywa kwa mara ya kwanza tangu Jumanne.

"Mzee, yule bibi alikuwa ananipigia makofi kabla sijaanza. Na hadithi yetu ni fupi. Atasikiliza, ataondoka."

"Baba yangu alikataza."

"Baba yako alikataza na pombe ya rubisi kwenye msiba. Jana umekunywa."

Yule kijana wa ndevu za pamba alikuwa mlangoni, akacheka. Hakucheka kwa ubaya, lakini alicheka. Ndipo nikasema kwa sauti ambayo mwanamme hutumia akitaka wageni wajue nyumba ni ya nani, "Nimesema hauimbwi."

Mke wangu angeweza kuinuka akaenda. Kanisa si mbali. Alikwenda ndani, akavua kile kitenge kipya, akakikunja, akatoka na cha kawaida, akaenda msibani kusaidia kupika.

Hapa ndipo nilipokuwa naogopa kufika. Mila ilikuwa ya kweli, ndiyo. Lakini miaka mingi kabla ya hapo tulicheza Kibondo huku mjomba wangu akiwa hajamaliza siku nne kaburini, na mimi ndiye niliyesema marehemu angefurahi. Kwa hiyo najua njia ilikuwepo. Niliishika mila kwa sababu walikuwa wameninyang'anya kusimulia, na hicho ndicho kitu pekee kilichobaki mkononi mwangu cha kuwanyima. Nikawanyima. Sikufikiri kwamba namnyima yeye. Au nilifikiri, nikadhani tarehe ya hospitali itasogea, maana tarehe za hospitali husogea.

Haikusogea. Walikata uvimbe na walikata na kile kinachotoa sauti. Sasa anapumulia tundu dogo shingoni, analifunika kwa kitambaa cheupe anachokifua mwenyewe kila siku. Midomo inakwenda, hakuna kinachotoka, hata mnong'ono. Akicheka yanacheka mabega.

Filamu ilikuja kuonyeshwa Kasulu mwaka uliofuata, mchana, kwenye ukumbi ambao madirisha yake yalizibwa kwa mablanketi. Dairekta alitutumia habari tukae mbele. Watu walijaa, wanawake wa bwawa wote sita walikuwepo. Nisiwe mnyimivu: ilipendeza. Bwawa lilionekana kama bwawa, mvua ilinyesha ya kweli, na yule kijana na ndevu zake alishika fimbo vizuri.

Kisha mama wa kwenye filamu akafika kwenye mafunjo, na sauti ya binti mmoja wa Dar ikaimba. Sauti safi, kama maji ya chupa. "Wa mwana we!"

Ukumbi mzima ukaitika, "Karame!"

Lakini filamu haikungoja. Kumbe ule muda wa kuitikia walikuwa wameukata; kwenye filamu, dairekta alikuja kunieleza, kimya cha namna ile watu hudhani mtambo umekwama. Kwa hiyo "karame" yetu iliangukia juu ya mstari uliofuata, ikaufunika. Wengine wakasema shii. Mwito wa pili wakaitika wachache, nao wakachelewa. Wa tatu, nadhani ni mtu mmoja. Wa nne ulipokuja kulikuwa kimya, lakini hakikuwa kile kimya chetu. Watu walikuwa wamenyamaza tu kwa sababu wamekatazwa. Halafu mafunjo yakafunguka, binti akatoka amevaa nguo nyeupe, harusi ikapigwa, watu wakashangilia.

Niligeuka kumtazama mke wangu. Alikuwa amejishika kitambaa cha shingoni kwa mkono mmoja, na midomo yake inakwenda. Alikuwa anaimba. Nilijua ni mstari upi, kwa sababu filamu ilikuwa imemwacha nyuma, yeye bado yuko kwenye mwito, akingoja tuitike.

Nje akina mama walimzunguka. "Wamekuibia wimbo wako, mama," mmoja akasema. "Wale vijana hawana haya." Mke wangu akanitazama, nikatazama viatu vyangu. Hakuna aliyekuwa akinikataza kusema. Nilimshika mkono tukaenda kutafuta usafiri.

Baada ya hapo nikaanza kutafuta kama kuna mtu aliyewahi kumrekodi kwenye simu. Nilikwenda Buhigwe, nikaenda Busunzu. Mwalimu mmoja wa Kibondo alikuwa na picha zake nyingi, kinywa wazi, zote bila sauti. Kijana mwingine alisema anayo, iko kwenye kadi ya simu ya zamani. Tukaitia kadi kwenye simu tatu, zote zikasema hakuna kitu. Muuza dagaa wa Busunzu alinisikitikia sana. Alisema anaisikia kichwani kila siku, nikawa namwonea wivu.

Kwa hiyo mwaka huu nilimwambia ukweli mke wangu. Nilimwambia habari ya mjomba na Kibondo, na habari ya ndevu za pamba. Alikuwa anachambua maharage. Hakuacha kuchambua. Alinyoosha mkono akanigonga goti mara mbili, kama mtu anayemwambia mwenzake nilijua, endelea. Nikamwambia anifundishe wimbo, nimsikilizishe binti yetu, angalau njia ya wimbo ibaki.

Akafikiri, akaitikia kwa kichwa.

Tunakaa mchana baada ya chakula. Yeye anautoa kwa midomo na kwa mkono, mkono ukipanda napanda, ukishuka nashuka. Nikikosea ananipiga goti. Ni mwalimu mkali, magoti yangu ni shahidi. Mstari wa kwanza tumeumaliza kwa wiki tatu. Lakini kabla ya mwito kuna mahali ambapo sauti inajipinda, si juu wala si chini, na mkono hauna namna ya kupaonyesha. Nimejaribu kila njia. Anatikisa kichwa. Najaribu tena, anatikisa kichwa. Juzi nilijaribu mara nyingi mno, na mara ya mwisho hakutikisa. Nikafurahi, nikamuuliza, "Ndiyo hiyo?"

Alikuwa amechoka tu. Aliinuka taratibu, akachukua kitambaa chake, akaenda kukifua.