Kunywa Wewe Kwanza

Mimi sinunui kitu kinachopiga kelele. Nasema mapema ili msomaji ajue anazungumza na mtu wa namna gani. Gari la matangazo likipita hapa kwetu Nyakakika, Karagwe, na vipaza sauti vyake juu, nafunga dirisha. Simu ikilia kuleta ujumbe, najua ni wale wale: umeshinda, umechaguliwa, bonyeza hapa. Wajukuu wananicheka. "Bibi, wewe hata salamu za asubuhi unazishuku!" Nazishuku ndiyo. Salamu nyingine siku hizi zina bei ndani yake.

Sikuzaliwa hivi. Nimekulia kwenye nyumba iliyokuwa ikijitangaza yenyewe. Tata, ndivyo tulivyomwita baba, alikuwa akitengeneza rubisi, pombe yetu ya ndizi. Ikishaiva, alikata jani la mgomba, akalifunga kwenye ufito mrefu, akausimika pale njia yetu inapokutana na barabara. Basi. Hakuandika neno, hakuimba, hakumfuata mtu. Aliyetoka Nyabiyonza na baiskeli yake akiliona jani alijua. Jani bichi, pombe ya leo. Jani limenyauka, pombe ya jana, ukiitaka shauri yako. Na likiondolewa, hata uwe na kiu ya namna gani, unapita zako.

Mteja akishaketi, Tata alichota kwenye kibuyu, akanywa yeye kwanza, mteja anamtazama. Haukuwa ulafi. Ndiyo desturi ya huku: anayekupa kinywaji anakionja mbele yako, uone kwamba hakina sumu wala hakijaharibika. Asipoonja, unamwambia wazi, "Kunywa wewe kwanza," wala hanuni. Mara moja rubisi ilitoka mbaya kwa sababu mtama wa kuchachushia ulikuwa umeingia ukungu. Tata alionja, uso ukamkunjamana, akainuka mwenyewe kwenda kuling'oa lile jani barabarani. Wateja walicheka mpaka wakashika mbavu, na walimtania kwa hilo msimu mzima.

Kayanga mjini nako kulikuwa na duka la mzee mmoja Mwislamu ambaye babu zake walitoka pwani. Mama alinunua khanga kwake, na mimi nilikuwa nikimfuata ili niyatazame mabati ya matangazo yaliyopigiliwa ukutani: sabuni, majani ya chai, wanawake wanene wanaocheka, kutu imeanza kuwala mabegani. Yule mzee hakuyategemea mabati. Mteja akiuliza kama khanga inachuja, alilowesha pindo lake kwa maji ya birika, akalisugua kwenye kanzu yake mwenyewe nyeupe. Ikichuja, imemchafua yeye. "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," alikuwa akisema, na kanzu yake ilikuwa safi.

Redioni zilikuwepo nyimbo za sabuni, tuliziimba tukienda kuteka maji. Nikizikumbuka leo machozi yananilengalenga, halafu najikasirikia. Kwani hao walikuwa malaika? Kulikuwa na sabuni ya kung'arisha ngozi, ikaimbwa vizuri kweli, na dada zetu wakajisugua nayo mpaka mashavu yakaungua. Zamani watu walidanganya, tena kwa sauti tamu. Kwa hiyo nazishuku hata kumbukumbu zangu, maana mtu akizeeka kila kitu cha ujana wake anakiona kina sukari. Ninachoweza kuapa ni kwamba aliyeniuzia rubisi au khanga nilijua anakolala. Siku hizi watu wanasema biashara matangazo, na mwenye tangazo hata kivuli chake hukioni.

Hayo yote ningeyaweka moyoni kama si mama.

Mama yangu ana kisukari. Kwa miaka mingi alimeza vidonge vya hospitali asubuhi na jioni, anavilalamikia na anavimeza. Alichokipigania kilikuwa kimoja: atembee kwa miguu yake. Aende shambani kutazama migomba, aende kanisani, aende kwa majirani kugombana kuhusu mbuzi. Ukimshika mkono kwenye mteremko anakupiga kofi mkononi. Bodaboda alizidharau. Alisema mtu anayebebwa akiwa hai anawazoesha watu vibaya.

Siku ya gulio tulikwenda wote wawili. Karibu na wauza ndizi lilikuwa limeegeshwa gari, na juu yake sauti iliyorekodiwa inajirudia bila kuchoka: "Kisukari kwaheri! Presha kwaheri! Vidonda vya tumbo kwaheri! Nguvu za kiume, karibu tena!" Wanaume walijifanya hawasikii, wanawake wakaangua kicheko. Mwenye gari alikuwa bwana wa makamo aliyevaa koti jeupe la kidaktari na viatu vya mpira. Akamwona mama, akaja, akapiga goti kidogo kama tulivyofundishwa sisi zamani.

"Shikamoo mama yangu."

"Marahaba, mwanangu," mama akasema, na nikaona amelainika pale pale.

"Mama, twende," nikasema.

"Ngoja nimsikilize. Ananisalimia vizuri kuliko nyie niliowazaa."

Hilo lilinichoma. Yule bwana akaanza kueleza habari za mizizi na majani, na sukari inavyosafishwa kwenye damu, na watu wakazidi kukusanyika. Nikaona nimkomeshe mbele ya hadhara. Nikapaza sauti, "Haya daktari, kunywa wewe kwanza!"

Kundi zima likaguna. Kila mtu wa huku anajua maneno hayo yana uzito gani. Nilitegemea ababaike, atafute kisingizio, aseme hajala tangu asubuhi. Thubutu! Alichota unga wa dawa yake, akakoroga kwenye kikombe, akanywa chote bila kupumzika, kisha akakipindua kikombe tuone halikubaki hata tone. Watu wakampigia makofi. Wengine wakanicheka waziwazi. Mama akanigeukia.

"Umeona?" akasema, huku anafungua pindo la khanga ilipokuwa hela yake.

Ni baadaye, njiani, ndipo akili iliponirudia. Rubisi ukiionja unaijua, imeiva au haijaiva, ulimi unakuambia. Lakini dawa ya ugonjwa usiokuwa nao, utaionjaje? Yule bwana hakuwa na kisukari. Angeweza kunywa ndoo nzima. Nilimweleza mama hivyo, akanijibu kwamba nina roho ya kwanini, na kwamba nisingeuliza kama sikutaka kujibiwa. Niliumia sana, maana kweli mimi ndiye niliyemfungulia yule mtu mlango.

Akaanza kunywa ule unga, na vidonge akaviacha. Eti viwili haviendi pamoja, ndivyo alivyoambiwa. Tuligombana mpaka majirani wakaja kutuamua, na majirani nao wakamtetea yeye, kwa sababu walikuwepo gulioni, walimwona mtu amekunywa. Akili za kuambiwa changanya na zako, niliwaambia. Wakaniambia zangu zina chachu.

Na kitu cha kuudhi, mama alipendeza. Alichangamka. Alilima kipande cha maharage ambacho hakukigusa miaka kadhaa. Sijui ni unga ule au ni raha ya kutomeza vidonge, au furaha tu ya kunishinda. Nikaanza kujiuliza kama labda mimi ndiye mjinga. Siku moja nikarudi kutoka Kayanga nikamkuta amevaa gauni lake la kanisani, siku ya kazi, uso unang'aa.

"Daktari wangu alikuja," akasema. "Amenirekodi kwa simu."

"Umesema nini?"

"Nimesema nilivyo. Nimepona."

"Mama, umepima?"

"Napimwa na nani? Mimi si gunia la kahawa."

Nikacheka, Mungu anisamehe. Alikuwa anajua kunichekesha nikiwa na hasira.

Baada ya muda akaanza kuvaa soksi, usiku na mchana. Akasema baridi. Huku kwetu baridi ni kitu cha kweli, hasa mvua zikikaza, kwa hiyo nilimwamini. Mimi, nisiyemwamini mtu yeyote! Nilikuja kushtuka kwa harufu. Nilipomvua soksi kwa nguvu, yeye ananitukana kwa Kinyambo, mimi nalia, nikaona kidole kimekuwa cheusi na weusi umeshapanda. Kilikuwa kimechomwa na kisiki cha mbuni, akasema, jambo dogo tu. "Mawe!" nikapiga kelele, yaani mama wee kwa Kinyambo. Sikumbuki kingine nilichosema.

Hospitali walimwuliza kuhusu vidonge. Hakuficha. "Niliviacha," akasema, akageukia ukutani. Daktari, huyu wa kweli, hakumgombeza, na mimi nilitamani amgombeze ili angalau mtu aseme kitu. Mguu ulikatwa chini ya goti.

Tulimrudisha nyumbani kwa gari la kukodi. Wanaume wawili wa jirani walimbeba kutoka garini mpaka kitandani, mmoja wao akiwa ni yule wa ugomvi wa mbuzi. Mama alifumba macho muda wote kama aliyelala. Hakuwa amelala.

Tangu hapo alinyamaza. Vidonge anameza, chakula anakula kidogo, lakini kugombana ameacha, na nyumba ikawa na utulivu nisioupenda hata kidogo. Ndipo akaja mgeni, mwanamke aliyetoka Kyerwa kwa bodaboda, vumbi mpaka kwenye kope. Hatumjui. Alipiga goti kando ya kitanda.

"Shikamoo mama. Nimekutafuta sana. Nimekuona kwenye simu."

"Marahaba. Simu gani?"

Akaeleza. Mume wake ana kisukari. Wameona tangazo la dawa, wakainunua, lakini mume amekataa kuacha vidonge vya hospitali mpaka mkewe amwone kwa macho yake huyo mama wa Karagwe aliyepona. Nikampenda huyo mume kabla hata sijamwona. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha, yeye ambaye hata mbele ya nesi alikuwa anaona haya, akavuta blanketi pembeni.

Yule mwanamke akatazama mguu, akatazama simu yake, akatazama tena mguu.

"Lakini huyu humu si wewe?"

"Ni mimi."

"Mbona humu unasema umepona?"

"Nilisema," mama akajibu. "Nenda kamwambie mumeo ameze vidonge vyake. Nenda sasa hivi, usinywe hata chai."

Mgeni aliinuka. Kabla hajapanda pikipiki nilimwomba anitumie ile video, niwe na ushahidi. Nikaitazama nikiwa nimesimama uani. Ilikuwa na muziki wa furaha, maneno mekundu yanarukaruka, na namba ya simu chini. Na katikati yake mama yangu, kwenye gauni la kanisani, anatoka jikoni, anatembea mpaka kwenye kamba ya nguo, anageuka kwa madaha, anarudi, anacheka. "Nimepona, si mnaniona?" anasema. Hasira ilinipanda. Niliipiga ile namba. Haipatikani.

Nikaingia ndani kwa kishindo. "Kesho asubuhi nakwenda Kayanga, polisi, na kwa mganga mkuu wa wilaya, kila ofisi. Nitawaonyesha huyu tapeli anavyotumia uso wako. Nikishamaliza naufuta uchafu huu kwenye simu yangu."

Mama akanyoosha mkono. "Nipe nione."

"Ya nini, mama? Utajiumiza bure."

"Nipe."

Nikampa. Hakuwahi kuiona. Akaitazama mpaka ikaisha, akasema, "Rudisha." Nikarudisha. Nikaanza kumwonyesha uongo wote uliokuwemo, yale maneno mekundu, yule mtu anayejiita daktari, lakini akanikatiza.

"Zima hiyo sauti. Kelele tu. Nirudishie pale ninapotoka jikoni."

Nikazima sauti, nikarudisha. Akaisogeza simu karibu na uso. Nilikaa ukingoni mwa kitanda. Akanyoosha kidole akagusa kioo, chini kabisa, kwenye miguu, na picha ikakwama hapo hapo. Akashtuka, akanitazama kwa hasira yake ya siku zote.

"Mbona nimesimama? Umefanya nini? Niache nitembee."