Matanga Aliyoyapita Chimène

Chimène Bulonza alipoacha kazi ya kuogesha wazee na kuingia chuoni kusomea saikolojia ya ushauri, Wakongomani wa Buffalo, Marekani, walimpigia vigelegele kanisani. Walikuwa na haki. Kliniki ya West Side ilikuwa imewachosha: unakwenda kumwaga ya moyoni, unawekewa mkalimani kwenye simu, sauti ya mtu usiyemjua, tena anakukatiza ukianza tu kulia. Sasa angekuwepo binti yao. Ili ahitimu ilimbidi kwanza afanye mazoezi hapo kliniki, na wateja wake mwenyewe, na wa kwanza kuja alikuwa Mama Jolie, mjane wa Black Rock, jirani yake wa mtaa wa pili.

Mwalimu wake, Claris Mumbua, Mkenya aliyekuja kusoma akabaki, alikuwa mwema lakini mkali wa kanuni. Mteja usimtembelee. Usile chakula chake. Saa yake ikiisha, simama.

Kisha kaka yake Mama Jolie akafariki mji wa Louisville, na matanga yakawekwa nyumbani kwa Mama Jolie, Black Rock. Chimène akamuuliza mwalimu kama anaweza kwenda.

"Najua, dear," Claris akasema. "Hata kwetu Ukambani ni hivyo. But rules ni rules. Ukienda, mazoezi yako hayatahesabiwa."

Basi hakwenda. Jioni alishuka basi akapita nyumba ya msiba kwa upande wa pili wa barabara, kofia kaivuta hadi kwenye nyusi, akisikia watu wanaimba ndani. Na kana kwamba hilo halikutosha, akamtumia mfiwa ujumbe: miadi yako ya Jumanne iko palepale. Elimu nyingine bwana! Mtu analia, wewe unamkumbusha miadi.

Mama Jolie hakuja Jumanne. Wengine nao wakaacha kuja, maana kwao anayekwepa matanga hana tofauti na adui. Chimène akabaki kliniki akitazamana na kiti kitupu. Kanisani walimsalimia kwa ncha za vidole. Claris alimwonya kwamba bila wateja hatahitimu, ila safari hii hata yeye alikuwa mnyonge.

"Hii kozi iliandikwa na watu ambao hawajawahi kukaa matangani," alisema. "Nitaongea nao. Lakini haitabadilika mwaka huu."

Majira ya baridi, simu ikaja kutoka Bukavu: mama yake Chimène amefariki. Akapanga viti ukutani nyumbani kwake inavyotakiwa, akachemsha chai nyingi, akaketi kungoja watu. Theluji ilianguka tangu asubuhi. Hakuna aliyebisha hodi. Upweke ule ulimuuma kuliko msiba wenyewe, naye akauonea aibu.

Alasiri mlango ukagongwa. Mama Jolie, na sufuria ya sombe, majani ya muhogo, iliyofungwa taulo. Akaketi, akanywa chai, akauliza mazishi ya Bukavu ni lini. Chimène ndiye aliyegusia ya zamani.

"Mama, ni shule ndiyo ilinikataza."

"Shule ilikukataza kuingia, bon. Na kupita ngambo ya pili, uso umefunika, ile pia ni shule? Nilikuona ku dirisha."

Mama Jolie akavaa koti lake.

"Nimefika juu ya mama yako. Lakini kule ku bureau yako, sitarudia."

Chimène akamsindikiza hadi mlangoni. Akarudi, akaketi kwenye kiti cha mgeni wake, kingali na joto, akalia.