Mahadhi ya Santuri ya Ramji

Mwaka 1934, nikiwa na miaka tisa, ndipo nilipoanza kuichukia harufu ya karafuu. Wengine wakiinusa huona raha. Mimi hata leo jirani akianika jamvi lake la karafuu, nasikia ufito mgongoni. Mama alikuwa amekufa, na siku matanga yalipoondolewa shangazi yangu Mize akanichukua kwake Mtambile, kama mtu aokotaye pakacha lililosahauliwa njiani.

Juzi kijana mmoja wa redio alikuja na mashine yake akaniuliza, "Bibi Subira, nani aliyekufundisha kuimba?" Nimeimba taarabu Unguja. Nimevuka bara nikaimba na bendi za dansi, zile zilizojiita jazi, wanaume wanapuliza matarumbeta nyuma yangu na sauti yangu inawapita. Alitaka nimtajie mabingwa. Nikamwambia walionifundisha ni watatu: chuo cha Kurani, gramafoni ya Mhindi, na mwanamke aliyenipiga. Akacheka. Mimi sikucheka. Basi nawaambieni nyinyi, huenda mkasikia vizuri kuliko yeye.

Chuoni nilijifunza pumzi. Mwalimu wetu Bi Hadia hakutaka aya ikatwe katikati. Ukiikata anakugonga vidole. Herufi zilinishinda, nikishika moja nyingine inanitoka, lakini kila nilichokisikia kilikaa. Na jioni shangazi alinituma mafuta ya taa kwa Bwana Ramji, mwenye duka njiani, si mbali na kwetu. Ramji alikuwa na gramafoni ya pembe, pembe yenyewe imechanua kama ua la boga. Santuri aliyoipenda ilikuwa ya mwanamke wa kwao. Sauti yake inapanda, inasita, halafu inateremka polepole kama mtu anayeshuka mti kwa hadhari. Sikujua neno hata moja. Nilisimama pale na chupa yangu mpaka Ramji aseme, "Subira, shangazi yako anakaa gizani."

Shangazi hakupenda nisome. Alisema mdomo unaokula na uchume karafuu. Lakini Bi Hadia alinichagua mimi nisome kasida kwenye maulidi ya wanawake, mwezi wa Mfungo Sita, uani kwetu, na shangazi hakuweza kumkatalia mwalimu mbele za watu. Akanisubiri mpaka tuko wawili tu. Alikuwa amenyoosha miguu jamvini, anachambua karafuu na vikonyo vyake, wala hakuinua uso.

"Ukisoma vyema utabaki chuoni. Ukiniaibisha mbele ya wanawake wa Mtambile, kesho yake unaingia shambani. Basi."

Alasiri ya maulidi ua ulijaa, ubani unafuka, marashi yananyunyizwa. Nikasimama. Maneno ya kasida nilikuwa nayo yote, lakini mahadhi yalinikimbia, yale niliyofunzwa mwezi mzima. Bi Hadia ananitolea macho. Shangazi kabana midomo, anangoja aibu yake. Nikafumba macho, nikashika mahadhi ya kwanza yaliyonijia, ya santuri ya Ramji, nikayatia maneno ya kumsifu Mtume.

Kisha nikasikia mtu anapenga kamasi. Kufumbua macho, wanawake wanalia, na shangazi Mize, ambaye hakutoa chozi mbele ya maiti ya mama yangu, analia kuwashinda wote, kanga kaitia mdomoni. Siku ile nilikula pilau yenye nyama, sahani yangu peke yangu. Nikajua nimeokoka.

Ramji naye alikuwa amesikia yote kutoka barazani kwake. Asubuhi akaja mwenyewe mpaka mlangoni, mkono kifuani, uso umemchangamka.

"Bi Mize, huyu mtoto ana sikio. Wimbo wote wa santuri yangu kaushika, hakuacha hata kona moja."

Alidhani anasifu. Wema wa namna ile Mungu auweke mbali nami.

Shangazi alimshukuru, akafunga mlango, akachomoa ufito.

"Umemsifu Mtume kwa wimbo wa gramafoni?"

Nikasema mahadhi yalinikimbia.

"Na mimi ukaniliza kwa wimbo wa gramafoni?"

Kwa hili la kwanza alinipiga. Kwa la pili alinipiga mpaka mkono ukamchoka. Kesho yake nilikuwa shambani, na alifu yangu iliishia pale. Kusoma nilijifunza ukubwani, kwa ubishi, na haya nayaandika kwa kuvutavuta.

Miaka minane nilichuma. Wanawake wakichambua karafuu huimba, na kila waliponitaka niongoze, shangazi alisema, "Huyo na anyamaze." Nikanyamaza mdomo. Mwaka 1942 nikaondoka. Hakuniaga, nami sikumuaga.

Alipokufa nilirudi kuzika, kwa kuwa damu ni damu, na watu wana midomo. Ulikuwa Mfungo Sita tena, nikaitwa kwenye maulidi ya jirani. Msichana mdogo akasimama, akasoma kasida kwa mahadhi ya Ramji. Kupanda kwake, kusita kwake, kila kona. Nikamuuliza mwanamke aliyekaa ubavuni mwangu mahadhi hayo yametoka wapi.

"Ya zamani haya, dada. Bi Mize ndiye aliyetufunza sote. Ukikosea pahala, alikuwa anakutoa nje ya ua."

Maji ya waridi niliyonyunyiziwa yalikuwa yananitiririka usoni, sikuyafuta.

Mtoto wa miaka tisa alidhani amepigwa kwa dhambi. Alipigwa kwa kumliza mtu aliyejiapiza asilie. Najua mtasema, basi alikupenda. Hapana. Aliipenda sauti, akaiweka, akanitupa mimi. Sijamsamehe, na simfichi Mungu.

Leo nina nyumba ya mawe Chake Chake, vyumba vinne, bati jipya. Nina mikarafuu ishirini na miwili, wanaichuma wengine. Nina ng'ombe na ndama wake. Nina kisima. Nina gramafoni ya Ramji, niliinunua kwa mjukuu wake, pembe imepasuka, na santuri ile imekwaruzika lakini inaimba. Nina wajukuu wawili wa kike, wako chuoni. Ufito sina.