Maoni ya Mama Juu ya Rubani

Sisi tuliokulia Nyamianda wakati wa vita hatukujua kutazama sinema kimya. Kwa Papa Sifa, mwenye nyumba ya video, filamu ikiisha hakuna aliyetoka kabla ya kutoa maoni. Alisimama mlangoni na kuuliza, "Munaona je?" Hapo ndipo raha ilipoanza.

Filamu tuliyoijua kuliko katekisimu ilikuwa ya rubani wa zamani aliyevuka bahari kubwa peke yake. Anasinzia, anajipiga makofi, anaendelea. Kanda zilikuwa chache, kwa hiyo alivuka karibu kila wiki. Mwalimu wetu alisema ni shujaa. Wavuvi walibisha: majini huendi bila mwenzako wa kukuamsha. Fundi baiskeli mmoja alisema kila mara, "Ile injini iko na kikohozi, haitafika," na kila mara ilifika. Vijana wa leo hutazama peke yao, waya masikioni, kisha hubonyeza kidole gumba. Basi, wametoa maoni!

Siku moja mama alitutuma, minye na mdogo wangu Amani, kusagisha mihogo. Foleni ya mashine ilikuwa ndefu. Tuliacha beseni lishike nafasi yetu, kama watu wote walivyofanya, tukakimbilia kwa Papa Sifa. Naye siku hiyo, kwa kutafuta wateja, alikuwa ametoa bafle lake kubwa nje ili sauti ifike mbali.

Wiki hizo ndege zilikuwa zimepiga mabomu upande wa bonde, na kila nyumba ilikuwa na furushi lililofungwa tayari. Rubani wetu alipowasha injini, mtaa mzima ukasikia. Loo! Watu walibeba mafurushi na kukimbilia milimani. Mama yeye alikimbilia kwenye mashine. Alikuta beseni letu kwenye foleni, mihogo imo, sisi hatupo.

Ndani hatukusikia kitu zaidi ya injini. Mara pazia likavutwa, mama akaingia, kilemba hana, kandambili mguu mmoja. Alikuwa ameita majina yetu mtaa mzima mpaka akapita karibu na lile bafle, akaelewa. Nilijikunja kungoja kofi. Hakupiga. Aliketi katikati yetu kwenye benchi, akatushika mikono, asituachie mpaka rubani akatua na umati ukambeba juu.

Papa Sifa, kwa aibu, aliuliza polepole, "Na weye mama, unaona je?"

"Bantu banapiga makofi," mama akasema. "Minye nilikuwa natafuta mama yake tu. Habakumuonyesha. Alikuwa wapi, ule mama, wakati mutoto iko juu ya maji?"

Tulikuwa tumeitazama mara ngapi, na hakuna aliyewahi kuuliza. Kofi nililipata nyumbani, na nilistahili.

Siku hizi Nyamianda ndege ikipita watoto wanainua simu kuipiga picha. Mwaka jana mwanangu wa kwanza alipanda ndege kwenda masomoni. Akaweka picha ya bawa na mawingu, na wenzake wakamjaza pongezi na vidole gumba. Minye sikumpongeza. Nilimwandikia neno moja, "Umefika?", nikakaa na simu mkononi mpaka alipojibu.