Jina la Huguette Haliazimwi

"Chukua gauni langu lolote, ligeuze ndani nje, livae uende nalo karamu ya Ikulu. Akitokea mtu mmoja wa kugundua, nitamshonea bure mpaka afe."

Huguette Delvoye aliyasema hayo redioni mwaka 1979, asubuhi, Ufaransa nzima ikinywa kahawa. Mke wa waziri mmoja, mama asiye na kazi nyingi, akajaribu. Alikaa karamuni saa nne nzima, bitana ikiwa nje na hariri ndani. Kitu pekee alichoambiwa ni kwamba amepungua.

Ndivyo alivyokuwa Huguette: mdomo mrefu, na mkono wa kuulipia.

Alizaliwa Roubaix, kaskazini kwenye viwanda vya sufu, mama yake akiwa msokota nyuzi. Alifika Paris na miaka kumi na tano, akaanza kwenye chumba cha mafundi wa kushona, akiokota pini sakafuni kwa sumaku, kama wote. Bibi yangu Ginette alikuwa naye chumba hichohicho, na mpaka leo hasemi "tulikuwa marafiki." Anasema "tuliokota pamoja."

Kosa lake kubwa Huguette alilifanya sikukuu ya Mtakatifu Katarina. Kwa mafundi wa Paris, msichana akifikisha miaka ishirini na mitano bila mume, siku hiyo ya Novemba wenzake humshonea kofia ya kijani na njano, ya kichekesho kadiri wanavyoweza, kazi ikasimama watu wakanywa. Ya Huguette ilikuwa na kuku wa kitambaa akiatamia bobini ya uzi. Akiwa na kuku huyo kichwani na glasi ya tatu mkononi, Bwana Castaignède akamletea mkataba. Castaignède alikuwa na fedha, Huguette alikuwa na mikono. Wangefungua nyumba ya mitindo, magauni ya kupimwa mwilini na kushonwa kwa mkono, jina la Huguette mlangoni.

Bibi anaapa kwamba mwenzake aliusoma. "Aliusoma kishonaji," anasema. Aliisugua karatasi kati ya vidole, akakagua pembe kama zimekatwa sawa, akausifu uzi uliofunga kurasa, akatia sahihi. Maneno hakuyagusa. Na maneno yalisema kwamba jina la Huguette Delvoye, likiandikwa juu ya chochote kinachovaliwa, ni mali ya kampuni.

Miaka kumi na minane baadaye Castaignède alitaka mashine ziingie, magauni yatoke haraka. Huguette akakataa. Akafukuzwa kwenye nyumba yenye jina lake. Alipokwenda mahakamani, hakimu akasoma kile ambacho yeye hakukisoma, na jina likabaki kule, likabandikwa kwenye manukato, miavuli na mabegi ya kubebea mbwa.

"Sasa utafanyaje?" Ginette akamuuliza kwenye ngazi za mahakama.

"Kwani sindano nayo wamechukua?"

Akapanga ghorofa ya nne mtaa wa Sentier, bila kibao mlangoni. Mafundi wanne wakamfuata, Ginette akiwemo. Nyuma ya shingo, pale lebo inapokaa, Huguette alipiga mishono minne midogo ya kushikilia lebo, bila lebo yenyewe. Mteja akiuliza, alijibiwa, "Hapo ni mahali pa jina. Lenyewe limeenda kufanya kazi za watu." Chuo cha ushonaji nilichoshindwa kukimaliza mimi kinapeleka wanafunzi kwenye makumbusho kuitazama mishono hiyo minne. Wanaichora.

Machi 2009 akapanda ngazi binti mmoja, Apolline, anatafuta gauni la harusi. Alipotaja jina la ukoo, Castaignède, Ginette alitaka kufunga mlango.

"Mtoto wa yule mnyang'anyi? Mwambie tumekufa."

"Ana mabega mazuri," Huguette akasema. "Mabega hayana kosa."

Wakakubaliana euro elfu sitini. Lakini siku ya kupima mara ya tatu, baba mtu naye akaja, na bahasha. Akatoa lebo na kuiweka mezani. Si ya kisasa. Ilikuwa ile ya kwanza kabisa, hariri ya Lyon, na juu yake mwandiko wa Huguette kwa uzi mweusi.

"Madamu Huguette, tuyamalize. Nakuruhusu uitie kwenye gauni hili. Picha zitatoka magazetini, dunia ione jina lako."

Mafundi wakaacha sindano. Bibi anakiri alitamani mwenzake akubali. Bibi mwenyewe alikuwa na miaka sitini na tatu, macho yameanza kugoma, na alitaka kuliona lile jina mahali pake hata mara moja.

Huguette akaiokota lebo. Akaigeuza, akakagua uzi wake kwa nyuma.

"Gauni moja?"

"Moja."

"Na kesho yake?"

"Kesho yake mkataba ni mkataba."

"Basi unaniazima."

"Tuseme nakupa heshima."

"Sikieni jamani!" Huguette akawageukia mafundi. "Mtu kakuibia baiskeli, miaka ishirini anaiendesha, leo anakuja kukupa lifti kwa baiskeli yako, na wewe useme asante!"

Ginette akacheka mpaka akamwaga pini zote.

Castaignède akawa mwekundu masikio na shingo. "Bila lebo, binti yangu havai."

"Havai nani?" Apolline akauliza kutoka juu ya stuli, pini zimemzunguka mwili mzima. "Baba, chukua lebo yako ukaibandike kwenye mwavuli. Na usinichekeshe, nachomwa."

Huguette akairudisha lebo kwenye bahasha, akamkabidhi mwenyewe. Kisha akapiga magoti, akaendelea na upindo pale alipoishia. Bila kuinua kichwa akasema kwamba gauni litakuwa tayari Mei, na kwamba bei imebadilika, maana sasa kuna usumbufu.

"Euro ngapi hizo?" Ginette akanong'ona, akidhani ni mzaha.

Haukuwa mzaha, na Castaignède alilipa. Gauni la Apolline, bila jina: euro elfu tisini na sita.