Pembe ya Mariam Poni

Kwenye ukuta wa chumba cha kujifungulia huko Koboko, Uganda, umebaki msumari mtupu. Hapo mkunga Mariam Poni alitundika pembe yake ya mti, ambayo huwekwa upande mmoja tumboni mwa mama na mwingine sikioni, asikie moyo wa mtoto.

Mchana mmoja wa 1976 aliitwa nyumbani kwa Asiya, aliyekuwa na uchungu wa mimba ya kwanza tangu alfajiri. Mama mkwe wake, Hajati Kaltumu, alikuwa amefanya kama mama zake walivyofanya. Dirisha limefungwa, upepo usimguse mzazi, jiko la mkaa na ubani kando ya kitanda, blanketi mbili. Midomo ya Asiya ilikuwa imekauka.

Uchungu ulipotulia, Poni alisikiliza huku akitazama saa yake. Kwa dakika, mapigo mia na themanini. Hayapaswi kuzidi mia na sitini. Asiya mwenyewe alikuwa anaungua kwa joto.

"Toa jiko. Fungua dirisha. Leta maji."

"Upepo itaua yeye," akasema Hajati. "Mimi nimezaa tisa. Wewe umezaa ngapi, Sista?"

Poni hakuwa na mtoto.  Akamnyooshea Hajati pembe. "Kuja, Hajati. Sikia mjukuu yako."

Hajati akainama. Poni akawa anamgonga begani kwa kidole, pigo kwa pigo, mpaka sikio lake likayapata.

"Iko nakimbia kama punda ya soko ya Ludara!"

"Na nani nafukuza yeye?"

Hajati aliutazama mkaa. Alilibeba jiko nje mwenyewe, akarudi akafungua dirisha.

Asiya alilazwa ubavu wa kushoto, akapanguswa kwa kitambaa chenye maji, akanywa vikombe vitatu. Poni alisema mapigo yasiposhuka kufikia alasiri, wampakie kwenye lori kwenda hospitali ya Arua. Akasikiliza tena na tena. Mia na sabini na mbili. Mia na sitini na tano. Hajati akawa anauangalia uso wa Poni tu. Adhana ya alasiri ilipoanza, yalikuwa mia na arobaini na nane.

Jioni akazaliwa msichana, akalia.

Vita vya 1979 vilipofika, Poni alivuka kwenda Kongo, pembe ndani ya kitenge. Sasa amerudi Uganda, anaishi mji mdogo wa Inde, nyuma ya soko, kwa binti huyo wa Asiya.